Wavuvi wa Soufrière na mapatano ya bahari

Mwezi Julai mwaka 1995, wakazi wa Soufrière, mji mdogo ulio katika mwambao wa magharibi wa kisiwa cha St Lucia, walishuhudia kuzinduliwa kwa utaratibu ambao haukuwa na mifano mingi katika visiwa vya Karibiani. Kipande cha pwani chenye urefu wa kilomita 11 kiligawanywa: hapa pa kuvua, hapa pa kutia nanga, hapa pa kuogelea, na pale pasiguswe na mvuvi yeyote. Mipaka hiyo haikuchorwa na waziri peke yake wala na mtaalamu peke yake. Ilitokana na mazungumzo marefu baina ya watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakigombana juu ya maji.

Makala yetu ya leo inaangalia jinsi mapatano hayo yalivyofikiwa, na hasa ni nani aliyelipa gharama yake kabla faida haijaonekana. Swali hilo la pili halipewi nafasi kubwa katika ripoti za kimataifa, ambazo hupenda kuitaja Soufrière kuwa mfano wa mafanikio na kuishia hapo.

St Lucia ni nchi ndogo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 617 na wakazi kiasi cha 180,000. Iko kati ya Martinique, ambayo ni sehemu ya Ufaransa, na St Vincent. Soufrière imejikunja chini ya milima miwili iliyochongoka, Gros Piton na Petit Piton, na huo mdogo peke yake una kimo cha mita 743. Milima hiyo inaposhuka baharini haisimami ufukweni, bali huendelea kuporomoka chini ya maji, hivi kwamba kwa umbali mfupi tu kutoka nchi kavu kina tayari ni kirefu. Kwa sababu hiyo miamba ya matumbawe imekuwa ukanda mwembamba unaoambaa na pwani. Samaki wa miamba wanaishi humo. Mvuvi anapataka hapo, mzamiaji wa kitalii anapataka hapo, na nahodha wa mashua ya starehe anatafuta mahali pa kutia nanga hapo hapo.

Mji huo ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1746. Ufaransa na Uingereza zilikigombea kisiwa hicho kwa muda mrefu, kikipita mkono huu kwenda mkono ule mara 14 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, hadi kilipobaki kwa Waingereza mwaka 1814. Lugha ya watu wa kawaida ikaendelea kuwa Kwéyòl, iliyozaliwa pale Kifaransa kilipokutana na lugha za Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, na kipindi cha mpito ambacho watu waliendelea kufanyishwa kazi na mabwana wao wa zamani kikamalizika mwaka 1838. Waliokuwa watumwa wakawa huru, lakini ardhi iliyo bora ilibaki kwa wenye mashamba makubwa. Bahari haikuwa na hatimiliki. Hata ufukwe wenyewe ulikuwa na ulinzi wa kisheria, kwani Wafaransa walikuwa wametenga ukanda wa pwani kuwa mali ya mfalme, na Waingereza wakaurithi na kuuita Mnyororo wa Malkia, jina linalotokana na mnyororo wa wapima ardhi.

Ni muhimu kuikumbuka historia hiyo. Mjukuu wa mtu aliyenyimwa shamba anapoambiwa karne moja na nusu baadaye kwamba mahali alipozoea kutega sasa pamefungwa, hasikii habari za kuzaliana kwa samaki tu. Anasikia pia habari ya mlango mwingine unaofungwa.

Uvuvi wa Soufrière si wa aina moja, na ugomvi wake hauwezi kueleweka bila kuzitofautisha aina hizo. Kwanza kuna wavuvi wa bahari kuu, ambao katika nusu ya kwanza ya mwaka hutoka mbali kuwafuata jodari, falusi na samaki wengine wahamao. Zamani walitumia mitumbwi iliyochongwa kutoka mti wa gommier, ufundi uliorithiwa kutoka kwa wenyeji wa kwanza wa visiwa hivyo, na baadaye wakahamia katika mashua za faiba zenye injini. Pili kuna wavuvi wa juya, wanaouzungushia wavu kundi la samaki lililokaribia ufukwe, kama vile kolekole wadogo na chuchunge, kisha kundi la watu likauvuta pwani. Kazi hiyo inahitaji ghuba tulivu iliyo wazi. Mashua moja tu ikitia nanga katikati ya ghuba, siku imeharibika.

Kundi la tatu ni la wavuvi wa madema. Msikilizaji wa Pemba, Mafia au Lamu angeitambua zana yao mara moja, ingawa ya kwetu husukwa kwa fito na ile ya Karibiani mara nyingi ni fremu ya mbao iliyovikwa wavu wa waya. Dema hutoswa karibu na mwamba, samaki huingia kwa mlango unaopungua upana, na mwenye dema hurudi baada ya siku kadhaa. Halihitaji injini kubwa wala mabaharia wengi. Kwa hiyo limekuwa zana ya mtu asiye na mtaji, na mara nyingi ya mzee ambaye mwili wake haumruhusu tena kupambana na mawimbi ya bahari kuu. Huyu anaitegemea miamba ya karibu mwaka mzima. Wenzake hurejea kwenye miamba hiyo msimu wa samaki wahamao unapokwisha.

Kuanzia miaka ya 1980 nafasi ilianza kuwa finyu. Utalii ulikuwa ukipanuka, na kilimo cha ndizi, kilichokuwa nguzo ya uchumi wa kisiwa, kikaja kuyumba katika miaka ya 1990 masharti ya soko la Ulaya yalipobadilika. Wazamiaji walikuja kuyaona matumbawe, na mashua za starehe zikaongezeka katika ghuba. Hoteli kubwa ilijengwa Jalousie, katika bonde lililo kati ya ile milima miwili, licha ya upinzani wa watu wengi, akiwemo mshairi Derek Walcott, mzaliwa wa Castries, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1992. Wavuvi wa juya walilalamika kwamba mashua za wageni zinaziba ghuba zao. Wavuvi wa madema waliwatuhumu wazamiaji kwamba wanayakata na kuyafungua madema yao. Wazamiaji nao walisema madema yanavunja matumbawe na kumaliza samaki ambao watalii wamelipa kuja kuwaona. Nanga za mashua zilikuwa zikiyavunja matumbawe hayo hayo, ingawa jambo hilo halikuzungumzwa kwa ukali uleule.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1984 ilimpa waziri uwezo wa kutenga hifadhi za bahari, na mwaka 1986 maeneo kadhaa yakatangazwa kuwa hifadhi, miamba ya Anse Chastanet, kaskazini kidogo ya mji, ikiwemo. Lakini wavuvi hawakuwa wameshirikishwa vya kutosha. Mipaka haikujulikana vizuri, walinzi walikuwa wachache, na watu waliendelea kuvua kama kawaida. Hifadhi hizo zilikuwepo kwenye karatasi. Mtu anaweza kusema kwamba kosa lilikuwa uhaba wa doria, lakini ushahidi wa miaka iliyofuata unaonyesha kwamba kiini chake kilikuwa kwingine.

Mwaka 1992 Idara ya Uvuvi, Wakfu wa Maendeleo ya Mkoa wa Soufrière na Taasisi ya Maliasili ya Karibiani, ijulikanayo kwa kifupi CANARI, waliamua kuanza upya. CANARI, ambayo wakati huo iliongozwa na Yves Renard, ilichukua jukumu la msuluhishi. Wavuvi, wenye hoteli, wazamiaji, madereva wa boti za abiria, wafanyabiashara na maafisa wa serikali waliitwa kukaa pamoja. Hawakuanza na swali la wapi pafungwe. Walianza na ramani. Kila kundi lilionyesha mahali linapofanyia shughuli zake na mahali linapokutana na wengine. Ghuba ambazo kwenye ramani ya serikali zilionekana tupu zikajaa alama: hapa juya huvutwa, hapa madema hutoswa, hapa mashua hulala. Ujuzi ambao mvuvi alikuwa nao kichwani ukawa mezani, mbele ya watu waliokuwa hawaujui au hawakutaka kuujua.

Palipokuwa hapana ugomvi, watu walikubaliana upesi. Palipobishaniwa, mazungumzo yaliendelea mkutano baada ya mkutano. Wakati huo asili nayo ilikuwa na lake: mwezi Septemba mwaka 1994 dhoruba ya Debby ilileta mvua kubwa, mito ikamwaga tope baharini, na sehemu ya matumbawe ikafukiwa. Mwaka uliofuata mpango ulizinduliwa rasmi.

Eneo hilo, linaloanzia Anse Jambon upande wa kaskazini hadi Anse L'Ivrogne upande wa kusini, liligawanywa katika kanda za aina 5. Kulikuwa na hifadhi ambazo uvuvi umepigwa marufuku kabisa; maeneo ambayo mvuvi ana haki ya kwanza na mashua ya starehe haina budi kumpisha; maeneo ya matumizi ya pamoja; maeneo ya burudani; na mahali pa kufungia mashua kwenye maboya badala ya kutia nanga. Wazamiaji na wenye mashua walitakiwa kulipa ada, na ada hizo zikawa ndizo zinazolipia walinzi na boya. Utaratibu huo wa fedha ulikuwa na busara, kwa sababu uliiwezesha hifadhi kujiendesha bila kusubiri bajeti ya serikali. Hata hivyo uliifanya itegemee idadi ya watalii, na idadi hiyo haitabiriki.

Kwa mvuvi wa juya mapatano yalikuwa na manufaa ya wazi tangu siku ya kwanza, kwani ghuba yake sasa ilikuwa na jina kwenye sheria. Mvuvi wa bahari kuu hakupoteza kitu kikubwa. Mwenye hoteli na mzamiaji walipata miamba isiyo na madema. Aliyebaki ni mvuvi wa madema. Takriban asilimia 35 ya maeneo ya uvuvi wa miamba yalifungwa, na maeneo hayo yalikuwa ndiyo yake. Yeye hakuwa na chama chenye nguvu, hakuwa na ofisi, na katika mikutano sauti yake haikusikika kama ya wenzake wenye injini na wenye leseni za biashara. Aliambiwa kwamba samaki watakaozaliana ndani ya hifadhi watatoka na kuingia katika madema yake nje ya mpaka. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, kama tutakavyoona. Lakini chewa haongezeki kwa mwezi mmoja, na chakula cha jioni hakingoji.

Malalamiko yalianza mapema. Baadhi ya wavuvi waliendelea kutega ndani ya hifadhi, wengine wakapeleka kilio chao kwa wanasiasa, na kwa muda ilionekana kwamba mapatano yote yangevunjika. Waliokuwa wakiusimamia mpango huo walikuwa na njia mbili: kuongeza ukali au kurudi mezani. Walirudi mezani. Sehemu ya eneo lililofungwa ilifunguliwa tena kwa ajili ya wavuvi wa madema, na wale walioathirika zaidi, wengi wao wazee, wakapewa fidia ya fedha kwa kipindi maalumu. Muundo wa uongozi nao ulitazamwa upya, na mwaka 2001 yakafikiwa makubaliano mapya yaliyoeleza kwa uwazi zaidi nani ana mamlaka gani na wadau wanakaaje katika baraza.

Wapo waliosema kwamba kufungua sehemu ya hifadhi kulikuwa ni kurudi nyuma. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hatua iliyoiokoa. Hifadhi isiyo na walinzi wengi hulindwa na watu wanaoishi kando yake, na mtu hawezi kukilinda kitu kilichomnyang'anya riziki bila kumpa chochote.

Wakati ugomvi huo ukiendelea, kulikuwa na watu waliokuwa wakihesabu samaki. Callum Roberts na Julie Hawkins, wanasayansi wa baharini kutoka Uingereza, pamoja na wenzao, walikuwa wakizama katika miamba hiyo mwaka hadi mwaka, ndani na nje ya hifadhi, wakiandika aina na ukubwa wa samaki. Walipima pia samaki waliopatikana kwenye madema. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Novemba mwaka 2001. Katika muda wa miaka 5 tangu hifadhi kuanzishwa, wavuvi wa nje ya mipaka walikuwa wakipata samaki wengi zaidi kuliko mwanzo: ongezeko la asilimia 46 kwa wenye madema makubwa, na asilimia 90 kwa wenye madema madogo. Eneo la kuvulia lilikuwa limepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na bado mavuno yalikuwa yameongezeka.

Sababu si ya kimuujiza. Katika mwamba unaovuliwa sana, samaki hunaswa kabla hajakua. Jike mdogo hutaga mayai machache. Jike mkubwa wa aina ileile hutaga mengi mara nyingi zaidi. Mahali panapoachwa kwa miaka michache huwa na majike wakubwa, mayai huchukuliwa na mikondo hadi kwenye miamba ya jirani, na samaki wazima nao, wanaposongamana, huvuka mpaka wasioujua. Hifadhi za Soufrière zilikuwa ndogo, na pengine udogo huo ulisaidia, kwa kuwa kila mvuvi alikuwa karibu na mpaka wa hifadhi fulani.

Takwimu hizo zilisafiri duniani kote na zimetumiwa kutetea hifadhi katika nchi nyingi. Ambacho hazikisemi ni kwamba wastani wa baada ya miaka 5 haumrudishii kitu aliyeacha kuvua katika mwaka wa pili kwa sababu hakuweza kungoja. Mzee wa miaka 65 aliyeliuza dema lake hakuwemo katika hesabu ya mwaka 2001.

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki, mwaka 1995 una maana yake pia. Mwaka huo huo Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini humo, chini ya sheria ya mwaka 1994, nayo ikatumia mgawanyo wa kanda zinazoruhusu vijiji kuendelea kuvua katika sehemu fulani. Mwaka huo huo Kenya ilitangaza hifadhi ya Diani, kusini mwa Mombasa. Wavuvi wa Diani waliikataa, wakihofia kwamba wangepoteza bahari yao kwa ajili ya hoteli, na hifadhi hiyo ikabaki tangazo lisilotekelezwa. Hofu ya Diani na hofu ya Soufrière zilikuwa ndugu. Tofauti ni kwamba huko Karibiani mazungumzo yalitangulia tangazo, kwa sababu tangazo la mwaka 1986 lilikuwa limekwisha kuwafundisha.

Baada ya hapo Soufrière haikupata utulivu mrefu. Mwezi Novemba mwaka 1999 kimbunga Lenny kilikuja kutoka magharibi, upande ambao vimbunga vya Karibiani haviji, na mawimbi yake yakaipiga pwani ambayo kwa kawaida ndiyo iliyokingwa. Mwaka 2004 milima ya Piton na sehemu ya bahari iliyo mbele yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2005 maji ya Karibiani yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe ya eneo zima yakapauka. Mwishoni mwa Oktoba mwaka 2010 kimbunga Tomas kiliporomosha udongo wa milimani, na tope likafika tena baharini. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kugundua kwamba samaki waliongezeka hata pale matumbawe hai yalipokuwa yakipungua. Hiyo ni habari njema yenye kivuli, kwa sababu haijulikani samaki wataendelea kwa muda gani kuishi katika nyumba inayobomoka. Mpaka uliochorwa baharini humzuia mvuvi, lakini hauzuii tope linalotoka shambani wala joto la maji.

Kisha alikuja mgeni mwingine. Mwaka 2011 samaki-simba, mwenye mistari na miba ya sumu, alionekana kwa mara ya kwanza katika maji ya St Lucia. Asili yake ni bahari za Hindi na Pasifiki, na mvuvi yeyote wa mwambao wa Afrika Mashariki amewahi kumkwepa. Huko kwao ana maadui na wenziwe wa kugombania chakula. Karibiani hana wa kumzuia, naye hula watoto wa samaki wa miamba kwa wingi. Hifadhi isiyovuliwa ni karamu kwake. Kwa hiyo katika miamba ile ambayo zamani wazamiaji na wavuvi wa madema walituhumiana, wazamiaji sasa hushuka na mikuki kwa kibali kumwinda mgeni huyo, na anayenaswa huweza kuliwa, ilimradi miba yake iondolewe kwa uangalifu kwanza.